Haki ya Mstaafu na Umoja wa Watumishi



Ijumaa moja mjini Kasulu, baada ya Swala, tuliketi barazani mwa msikiti pamoja na wazee wawili watatu, na kijana mmoja tabibu aliyekuja kutoka Kibondo kuwazuru wazazi wake. Mazungumzo yakaangukia kikokotoo cha mafao, neno ambalo siku hizi halikosekani katika nyumba za watumishi. Mzee mmoja, mwalimu anayekaribia kustaafu, alihesabu jinsi kiinua mgongo chake kilivyopungua. Kijana akamjibu kwa adabu, lakini jibu lake lilituchoma: "Mzee wangu, hilo ni lenu ninyi wa mfuko wa zamani. Sisi wa mfuko mwingine mwaka 2022 tuliongezewa, hatukupunguziwa. Tugombee fungu lisilo letu kwa nini?" Mzee naye akarudisha: "Vema. Basi sisi tumekwisha rudishiwa hadi arobaini. Ninyi na thelathini na tano zenu mtajijua."

Twaona kuwa wote wawili walikosea, na kosa lao laweza kuwadhuru watoto wetu wengi. Kwa hiyo yatupasa tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

Zamani watumishi wa umma nchini Tanzania walikuwa katika mifuko mbalimbali: PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Katika miaka iliyotangulia kuunganishwa kwa mifuko hiyo, mwajiriwa mpya aliweza kuchagua mfuko wa kujiunga nao. Ndipo ikawa walimu wawili wanaofundisha shule moja, wanaokula ugali wa muhogo katika sahani moja, wana ahadi mbili tofauti za uzeeni. Wa PSPF na LAPF waliahidiwa mkupuo wa asilimia 50 ya pensheni yao. Wa PPF na GEPF, asilimia 25, na sehemu iliyobaki ilipwe kila mwezi.

Tarehe 1 Agosti 2018 mifuko hiyo minne iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, nao NSSF ukaachiwa watumishi wa sekta binafsi. Kisha zikatoka kanuni za kuwafanya wote wapate mkupuo wa asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vilipaza sauti, na mnamo tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Pombe Magufuli aliwaita viongozi wao Ikulu pamoja na wakuu wa mifuko, akaagiza kila mstaafu alipwe kwa kanuni ya mfuko wake wa awali hadi mwaka 2023.

Kabla ya muda huo kwisha, tarehe 1 Julai 2022 kilianza kikokotoo kimoja baada ya mashauriano ya Serikali, waajiri na vyama: mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Hapo ndipo wa 25 walipopanda na wa 50 wakashuka. Kelele haikutulia. Katika Mei Mosi ya mwaka 2024 jijini Arusha, mbele ya Dkt. Philip Mpango, mwana wa nyanda zetu hizi, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, shirikisho la vyama, TUCTA, lilikumbusha tena jambo la kikokotoo. Mwezi wa Juni mwaka huo bajeti ikatangaza kuwa waliokuwa wa 50 watapata 40, na waliokuwa wa 25 watapata 35.

Tazameni vizuri, ndugu zetu. Kelele ya mwaka 2024 ilikuwa kwanza ya wale walioshushwa. Lakini ilipoitikiwa, hata waliopandishwa walipata nyongeza. Kijana wetu wa Kibondo aliongezewa kwa sababu ya kilio alichokiita si chake. Wala mzee wetu wa Kasulu asingelifika arobaini kama angelilia peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ili wasomaji wapate kuona uzito wa jambo lenyewe, tupige hesabu. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, na mshahara wa kukokotolea ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, mshahara wa mwaka ulizidishwa kwa miezi ya utumishi na kugawanywa kwa 540. Nusu ya jibu ikazidishwa kwa 15.5. Mkupuo wake ungekuwa shilingi 62,000,000, na pensheni ya mwezi 333,333. Kwa kanuni ya mwaka 2022, kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5, mkupuo ukawa kama 30,724,000, na pensheni ya mwezi 415,862. Ni kweli fedha ya mwezi iliongezeka. Lakini ili ziada hiyo ifidie upungufu wa mkupuo, ingehitajika miaka thelathini na moja na zaidi. Na mtu wa miaka 60 aihesabu vipi miaka hiyo? Kwa asilimia 40 mkupuo ni kama 37,241,000. Kwa asilimia 35 ni kama 32,586,000.

Mkupuo si fedha ya anasa. Kwetu huku mtumishi huungoja apate kuezeka nyumba, kununua shamba la kahawa, kulipa karo ya mtoto wa mwisho, na mwenye nia njema atimize Hija yake.

Hata hivyo, insafu ni sehemu ya dini, nasi hatutaki kuficha hoja ya upande wa pili. Mfuko wa pensheni ni amana ya walio hai, na ya wale ambao hawajaajiriwa bado. Ukitoa kingi mno leo, kesho utakauka. Tena PSPF ulibeba mzigo mkubwa: uchangiaji ulianza tarehe 1 Julai 1999, lakini walioajiriwa kabla ya hapo walihesabiwa miaka yao yote, ijapokuwa haikuwa imechangiwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilitoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kulipa sehemu ya deni hilo. Basi anayedai haki yake na adai pia kwamba michango ipelekwe kwa wakati, yaani asilimia 5 ya mtumishi na 15 ya mwajiri, maana chungu kisichotiwa maji hakichotwi.

Dini yetu haikunyamaza katika mambo haya. Surat Al-Mutaffifin inafunguliwa kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo: wakijipimia hutimiza, wakiwapimia wengine hupunguza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na mshahara wa uzeeni ni jasho la miaka thelathini.

Hata tofauti za mafungu si jambo geni katika Uislamu. Sayyidna Abubakar aligawa mali ya Baitulmali kwa usawa. Sayyidna Umar alipoanzisha Diwani aliwapandisha waliotangulia katika Uislamu, kama watu wa Badr. Na imepokewa kwamba mwisho wa siku zake alitamani kurudi kwenye usawa. Masahaba walitofautiana juu ya kipimo, lakini hawakumwacha mnyonge ajitetee peke yake kwa kuwa fungu lake si lao.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu walio kazini, walimu, matabibu na watendaji wa vijiji, tangu Kibondo hadi Kasulu. Ingieni katika vyama vyenu, hudhurieni mikutano, na waulizeni viongozi wametia saini nini kwa niaba yenu. Kagueni michango yenu kila mwaka, wala msingoje mpaka siku ya kustaafu. Shikamaneni na wenzenu Wakristo mnaofanya nao kazi, maana kikokotoo hakiulizi dini ya mtu. Nanyi wazee, msiseme tumekwisha pata chetu. Aliyepanda mwembe hakuupanda kwa kinywa chake tu.

Tulipoonana tena na yule mzee, tulimwuliza kama bado amemkasirikia kijana. Akacheka, akasema: "Nimempelekea salamu. Nimemwambia mkutano ujao wa chama twende pamoja, yeye akadai tano zake, nami nikamsaidie." Twamwomba Mwenyezi Mungu ajaalie safari yao iwe ya heri.

Wabillahi taufiq.