Raha za mwaloni: kula sato, lakini mchunguze nahodha

Wiki hii nimewakimbia. Nilikwenda kujirusha kule magharibi kwenye baa zisizo na sehemu ya kuegesha magari, ila zina sehemu ya kufunga mitumbwi.

Safari ilianzia Biharamulo mjini. Kuna mshkaji alinihakikishia kuwa Biharamulo kuna ufukwe wa Ziwa Victoria, nami nikafungasha hadi bukta. Kumbe jamaa anaishi enzi za zamani! Bandari ya Nyamirembe na ufukwe wake zilikwenda na Chato ilipokatwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 ikawa wilaya. Tangu 2012 Chato yenyewe iko Mkoa wa Geita. Wazee bado wanasema "Nyamirembe ya Biharamulo", na mimi tumbo likiuma sina habari na mipaka ya mikoa. Nikapanda gari hadi Chato, nikaingia kwenye boti la mbao lenye injini, safari ya mwalo kwa mwalo ikaanza.

FUATA MABAHARIA

Mwalo, kwa ninyi wa mjini, ni pale samaki wanaposhushwa. Ukifika kwa maji, watu wa kwanza kukuona ni vijana wa kubeba mizigo, na kila mmoja ana baa ya kukupeleka. Usiwafuate. Na usifuate muziki, maana spika kubwa haikaangi samaki.

Mimi hukaa kwenye mzigo wangu dakika kumi hivi, naangalia mabaharia na wavuvi wanaelekea wapi. Hawa watu wanakula pale kila siku. Wanajua nani anatumia mafuta yaleyale tangu juzi na nani anakopesha. Banda walilojaa wao ndilo banda langu, hata kama benchi lina mguu mmoja wa jiwe.

Kwenye mwalo wa kwanza nikaingia kwa mama mmoja, nikamwamkia, halafu kwa ushamba wangu nikaomba menyu. Akacheka hadi akakaa chini.

"Mwanangu, hapa menyu ni beseni. Inama uchague."

Nikainama. Sato walikuwa wanang'aa, macho yamejaa, mashavu ndani mekundu. Huyo ndiye samaki wa kuchagua. Akiwa na macho yaliyozama na mashavu ya rangi ya kahawia, mwache aende kwa wengine. Patana bei ya samaki mzima kabla hajaingia kwenye karai, maana akishaiva huwezi kumrudisha majini. Mimi nilikaangiwa wangu, nikaletewa na ugali wa muhogo, kachumbari na ndimu. Sio siri, nilisahau kuongea.

Angalia na urefu. Kwa sheria ya uvuvi, sato wa chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, wala sangara wa chini ya sentimita 50. Ukiletewa vidagaa vya sato vitatu kwenye sahani moja, ujue unakula watoto wa ziwa, na mwakani utakuja kula ugali mtupu.

Sangara naye ana vituko vyake. Minofu inakwenda viwandani, na bondo, ule mfuko wake wa hewa, linauzwa ghali kuliko nyama yake kwa sababu soko lake liko China. Ndiyo maana utamwona kijana ana ndala zilizokatika lakini anawanunulia bia watu wa meza nzima. Leo bondo limejibu. Usishindane naye!

Ukinawa, nawa kwa maji ya banda. Usitumbukize miguu ziwani kwenye majani ukisubiri chakula, kichocho kipo. Na ukiwa Muganza, zinakoondokea boti za kwenda Rubondo, usidanganyike kwamba utavuka ukale kitimoto kisiwani. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Huko unakwenda kwa kibali, na wanaokula kwa raha ni mamba.

GLASI YA NAHODHA

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwenye mwalo mmoja, jina nalihifadhi, tulikuta banda safi kuliko yote. Samaki mtamu, bia baridi, muziki wa kistaarabu. Tuliambiwa tutaondoka saa saba mchana. Saa saba ikapita. Saa nane nikageuka, nikamwona nahodha wetu meza ya pembeni na chupa nne mbele yake. Ya tano ilikuwa mkononi.

Wakati huo upepo ulishageuka. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto na upepo unatoka ziwani kuja pwani, mawimbi yanainuka. Wavuvi wote wanalijua hilo, ndiyo maana wengi hupenda kusafiri asubuhi. Abiria walikuwa wameongezeka, magunia yameongezeka, na majaketi ya kuokolea maisha niliyahesabu matano tu.

Nikamwambia mwenzangu, "Mimi sipandi." Akaniambia nauli imeshalipwa. Nikamwambia nauli iende na boti. Abiria wakatucheka. Mmoja akasema watoto wa mjini tunaogopa maji hata ya bombani.

Boti lile lilifika salama. Nasema ukweli ili msinione nabii. Sisi tulilala gesti ya bei ya chini, mbu wakatushughulikia, na asubuhi tukalipa nauli mara ya pili. Lakini kanda hii haijasahau MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na kuua mamia ya watu. Wala MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu na Ukara, walipokufa zaidi ya watu 200. Kote kulitajwa kujaza watu kupita kiasi. Ukiongeza na ulabu wa nahodha, unatafuta nini?

NGARA NAKO

Nilimalizia Ngara, ambako hakuna ziwa kubwa bali mito. Mto Ruvuvu unatoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani na Rwanda. Pale Rusumo msafiri hufika kwa barabara, na wanaokuonyesha pa kula ni madereva wa malori ya Kigali. Kanuni ni ileile: penye madereva wengi ndipo penye mchuzi. Ruvuvu unauvuka kwa kivuko, na foleni ikiwa ndefu, ndizi ya kuchoma inakusogezea muda.

Kivukoni nikamsimulia mzee mmoja kisa cha nahodha wangu. Hakucheka. Akasema, "Kijana, baa nzuri ya majini ni ile unayoweza kurudi tena."

Kwa hiyo wikiendi ukienda mwaloni, chagua samaki kwa macho yake, na nahodha kwa glasi yake. Akinywa soda, mnunulie ya pili. Akinywa bia, tafuta gesti mapema kabla vyumba havijajaa.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.