Je, Wajua? Mita Yako na Jua la Mkula

Je, wajua kwamba mkazi wa Mkula anaishi kati ya mitambo miwili mikubwa ya umeme wa maji? Kaskazini iko Kidatu, megawati 204. Kusini-magharibi iko Kihansi, megawati 180, ambako maji hushuka mita zipatazo 850 kabla ya kuzungusha mashine. Hebu fikiria, karibu kilometa nzima!

Na tukiwa bado Kihansi, pokea na hii ya njiani. Chura wa Kihansi, ambaye asili yake ni manyunyu ya maporomoko ya Kihansi na si kwingine kokote duniani, hatagi mayai. Anazaa vitoto! Haya, turudi kwenye umeme.

Umeme wa njia kuu unaingia kituo cha kupoza umeme cha Ifakara ukiwa na volti 220,000. Pale unashushwa hadi 33,000, kisha transfoma ya kijijini inaushusha tena, na kwako unaingia na volti 230. Safari yote hiyo, mwisho wake unachaji simu!

Sasa shika hapa, ndugu yangu. Transfoma haichagui njia: inayoshusha ukija huku ndiyo hiyohiyo inayopandisha ukirudi kule. Ukiunga sola kienyeji kwenye nyumba yenye umeme wa nguzo, volti zako 230 zinaweza kurudi kinyumenyume na kufika 33,000 juu ya laini, wakati fundi amekwisha kuambiwa umeme umezimwa na mikono yake iko kwenye waya. Ukisahau yote ya leo, hili usilisahau.

Ndiyo maana inveta iliyoungwa na gridi inatakiwa ijizime yenyewe umeme wa nguzo unapokatika. Kiwango cha Marekani kinaipa sekunde 2, basi! Kwa hiyo unaweza kuwa na paneli 10 juu ya bati, jua la utosi, na feni imesimama, kama huna betri na swichi ya kuitenga nyumba yako na nguzo. Ulilijua hilo?

Je, wajua kwamba mita iliyo kwako si mali yako? Ni ya TANESCO, na lakiri yake haiguswi na fundi wa mtaani. Nyaya za kutoka kwenye mita kuingia ndani ndizo zako, na anayezitandaza anapaswa kuwa na leseni ya EWURA. Basi ukitaka kuunga sola na umeme wa nguzo, ofisi ya TANESCO inatangulia, duka la vifaa linafuata.

Marekani mambo ni mengine kabisa! Huko kwingi mwenye nyumba hununua mwenyewe boksi la kupachikia mita, mradi liwemo kwenye orodha iliyokubaliwa na kampuni yake ya umeme. Boksi la ampea 200 kwa volti 240 linabeba wati 48,000. Mita yenyewe ni ya duara, na huchomekwa na kuchomolewa kama plagi ya pasi. Wamebuni hata pete ya kubana kati ya boksi na mita, ili sola iungwe hapohapo bila kubadilisha swichi kuu. Lakini usiliagize! Mita zetu hufungwa nyaya kwa skrubu, na boksi hilo halitakufaa kwa lolote.

Hukohuko Marekani, zamani, Thomas Edison aliuza umeme kwa mizani. Kweli kabisa! Mita yake ya miaka ya 1880 ilikuwa chupa ya dawa yenye vipande vya zinki, na kila mwezi mtu alivitoa akavipima uzito. Tofauti ya uzito ndiyo bili.

Kisha mwaka 1889 Ottó Bláthy wa Hungaria akaleta mita ya sahani inayozunguka. Sahani hiyo ina tabia tamu: ukiisukumia umeme wa sola kutoka ndani, inazunguka kinyume, na hesabu inapungua!

Usiitarajie tabia hiyo kwenye LUKU. Zipo mita za kulipia kabla zinazohesabu kila umeme unaopita, uingie au utoke. Maana yake unampa jirani umeme wa paneli zako, halafu uniti zinakatwa kwako! Kadiri jua linavyowaka ndivyo unavyolipa.

Je, wajua kwamba ndani ya tarakimu 20 za LUKU kuna saa? Inahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na ilikuwa na nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024! Sasa umeelewa kwa nini mwaka ule uliambiwa uingize tarakimu 60.

Tangu Agosti 2021 mita hiyohiyo inakusanya pia kodi ya majengo. Kazi mbili, mshahara hakuna.

Piga hesabu na mimi. Paneli ya wati 400 ikipata saa 5 za jua kali inatoa uniti 2. Kwa mteja wa D1, yaani mtumiaji mdogo wa nyumbani, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hizo ni shilingi 200 kwa siku. Kwa nyumba ndogo, mimi naona raha ya sola yenye betri ni ule usiku ambao nguzo imelala.

Kenya wameshaweka sheria ya kurudisha umeme kwenye gridi. Kwa kanuni za mwaka 2024, ukisukuma uniti 2 unahesabiwa 1. Nusu nzima inabaki huko!

Ya mwisho, na hii nenda nayo dukani. Mita nyingi za kisasa za njia mbili huonyesha namba za utambulisho zilezile nchi hadi nchi: 1.8.0 ni umeme ulioingia kwako, 2.8.0 ni ule ulioutoa. Muulize fundi wako 2.8.0 ni nini. Akibabaika, mshukuru, umtafute mwingine.