Msomaji Mmoja, Masikio Kumi

Wakikuyu waliwaita Wakristo wao wa kwanza athomi, yaani wasomaji. Neno lenyewe limetokana na "kusoma" kwetu. Uganda nako kulikuwa na abasomi. Kitabu, basi, hakikuingia bara kama kitu cha kupitishia wakati. Aliyekishika alikuwa amehama upande, na jirani zake walilijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Kwenye mashamba ya walowezi ya Njoro, Molo na Subukia, kiu ilikuwa ya habari. Maskwota, yaani vibarua walioishi humo mashambani, walitaka kujua nini kinasemwa Nairobi kuhusu ardhi. Henry Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri mwaka 1945. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wasiojua wakatega masikio. Katika karne ya 4 Augustino alistaajabu kumwona Ambrose, askofu wa Milano, akisoma kimyakimya. Eneo la Bahati, karibu na Nakuru, katika miaka ya 1940, nadhani, lisingemstaajabisha hata kidogo.

Bahati hiyohiyo, huko Kabati-ini, ndiko alikozaliwa J. M. Kariuki mwaka 1929, mtoto wa maskwota. Wakati wa vita vya Mau Mau alizuiliwa kambini tangu 1953 hadi 1960, akiandika barua za malalamiko na kuzipenyeza nje kwa siri. Mwaka 1963 akatoa kitabu chake, Mau Mau Detainee. Mwana wa skwota sasa ndiye aliyesomwa.

Usomaji wa sauti haukufa na uhuru. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980, riwaya ilisomwa majumbani jioni, kazini saa ya chakula, na kwenye baa. Anasimulia kwamba msomaji wa baa alifika penye utamu, akatazama glasi yake, akaiona tupu, akakiweka kitabu chini. Wateja walielewa. Bia ikaagizwa, hadithi ikaendelea. Sijui malipo ya mwandishi yaliyo ya haki kuliko hayo, ingawa aliyelipwa hakuwa mwandishi.

Usomaji wa kimya nao ukapata makao: sheria ya maktaba za taifa ilipitishwa 1965, na Nakuru ina maktaba ya umma. Ingia humo msimu wa mitihani: meza zimejaa watahiniwa, na wengi vitabu wamekuja navyo. Hawaazimi kitabu. Wanaazima kiti na ukimya, maana kule mtaani Kaptembwa chumba ni kimoja, redio ya jirani inavuma, na mdogo wao naye anataka asomewe.