Kutetea Nyika Si Kuchukia Maendeleo

Wapo wasemao kwamba anayewatetea wanyamapori pale mafuta yanapotafutwa ni adui wa maendeleo. Nawaomba walimu na wanafunzi wa Eldas, huko Wajir, wayapime maneno hayo kwa kisa cha Kongo.

Rodrigue Mugaruka Katembo, Mkongo, alikuwa mlinzi wa Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwaka 2013, baada ya kupinga kazi za kampuni ya mafuta ya SOCO ya Uingereza hifadhini humo, alikamatwa na kuteswa. Hakurudi nyuma, alikusanya kwa siri ushahidi wa hongo. Wavuvi wa Ziwa Edward nao walipinga, kwani ziwa likichafuka, kiboko na mvuvi huangamia pamoja. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kusitisha shughuli zake. Hata hivyo, mwaka 2022 serikali ya Kongo ilinadi tena maeneo yanayoigusa Virunga.

Nami nasema: Eldas haina ziwa, ina visima. Maji hayo ndiyo uhai wa ngamia, wa twiga na wa watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inataka wananchi washirikishwe katika kutunza mazingira. Basi mfugaji na aulize mapema: taka zitatupwa wapi, na maji yakiharibika nani atawajibika? Tuwafundishe vijana kuuliza hayo kabla mtambo haujafika. Majuto ni mjukuu.