Uingereza: Reli nzima juu ya ubao wa sentimita 80

Mtu anayeishi katika chumba kimoja hawezi kujenga reli. Ndivyo walivyoamini kwa miaka mingi wapenzi wa treni ndogo za mfano, mchezo wa watu wazima ambao Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani una magazeti yake, maduka yake na maonyesho yake. Treni hizo zinatembea kwa umeme na zinafanana na zile za kweli, toka magurudumu hadi rangi. Lakini zinaomba kitu ambacho wapangaji wengi wa miji mikubwa hawana: nafasi.

Hesabu yenyewe inatisha. Katika kipimo kinachotumiwa zaidi duniani, kinachoitwa H0, kila kitu kinapunguzwa mara 87 na reli ina upana wa milimita 16,5. Kona kali ya kawaida katika kipimo hicho ina nusu-kipenyo cha sentimita 36 hivi. Maana yake, treni ikitaka kuzunguka tu na kurudi ilipotoka, meza inapaswa kuwa na upana wa karibu sentimita 80, hata kabla ya kuweka nyumba moja ao mti mmoja.

Viwanda vilijibu kwa kupunguza treni. Kipimo cha N kinapunguza mara 160, na reli yake ni ya milimita 9. Mwaka wa 1972, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilileta kipimo cha Z kinachopunguza mara 220, na reli ya milimita 6,5. Hata hivyo, mwenye rafu nyembamba ya vitabu bado hakuwa na pa kupitisha mduara. Tena treni inayozunguka tu inachosha haraka: mtu anatumia pesa na miezi ya kazi, kisha baada ya juma moja anaifunika kwa kitambaa.

Kuacha mduara

Jibu lilitoka kwa watu waliouliza swali lingine: treni inafanya kazi gani? Katika reli ya kweli, saa nyingi zinaishia kituoni. Kichwa cha treni kinavuta mabehewa, kinayasukuma, kinayatenga na kuyapanga upya kabla ya safari. Kazi hiyo haihitaji kilometa nyingi.

Katika miaka ya 1970, Mwingereza Alan Wright aliigeuza kazi hiyo kuwa fumbo juu ya ubao mdogo aliouita Inglenook Sidings. Kuna njia tatu za kuegeshea: moja inapokea mabehewa 5, na mbili zinapokea mabehewa 3 kila moja. Mbele yake kuna kipande cha reli cha kuvutia, kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa 3 tu. Ubaoni kuna mabehewa 8. Mchezaji anachagua 5 kwa bahati, kama mtu anayechota karata, kisha anapaswa kuyapanga kwa utaratibu uleule katika njia ndefu.

Inaonekana rahisi, lakini kuchagua mabehewa 5 kati ya 8 na kuyapanga kwa mfuatano kunaleta treni 6 720 tofauti. Siri iko katika nafasi zinazobaki tupu. Njia tatu zina nafasi 11, mabehewa ni 8, kwa hiyo nafasi 3 ndizo za kusogezea. Ukiongeza mabehewa hadi njia zote zijae, unakosa pa kuyahamishia. Ukirefusha kipande cha kuvutia, fumbo linalegea. Ufinyu ndio unaoupa mchezo ladha yake.

Marekani nako, John Allen, aliyejulikana kwa reli kubwa ya mfano aliyoijenga nyumbani kwake Monterey, jimbo la California, alitangaza mwaka wa 1972 fumbo lake la kupanga mabehewa, Timesaver, ambapo wachezaji wanashindana na saa. Hata mwenye nafasi nyingi aliona kwamba ubao mdogo una utamu wake.

Kupima kabla ya kukata

Wajuzi wanashauri kuanza na mabehewa yenyewe, si na ubao. Katika kipimo cha N, tuseme kila behewa na kichwa cha treni vina sentimita 6, pamoja na viunganishi. Kipande cha kuvutia kinachukua vitu 4, yaani sentimita 24. Kila njia panda, pale reli moja inapogawanyika mbili, inakula karibu sentimita 12. Njia ya mabehewa 5 ni sentimita 30, na ikitoka kwenye njia panda ya kwanza, jumla inafika 66. Njia za mabehewa 3 zinapita njia panda mbili: 24, 24 na 18, jumla ni 66 vilevile. Ongeza nafasi ya vizuizi vya mwisho na ya mabehewa kutogusana karibu na njia panda, na ubao wa sentimita 80 unatosha. Upana wa sentimita 20 unaweza kubeba njia zote tatu na jengo moja la ghala nyuma.

Anayetaka treni za abiria ana njia nyingine. Mwaka wa 1957, Cyril Freezer, mhariri wa gazeti la Railway Modeller, alichapisha ramani ya kituo cha mjini alichokiita Minories, juu ya ubao unaokunjwa. Treni zinatoka nyuma ya ukuta ao chini ya daraja, ambako mwenye reli amezipanga kwa siri. Pale nyuma panasimama kwa niaba ya miji yote ambayo chumba hakiwezi kuibeba.

Makosa yanayorudi

Kosa la kwanza ni kujaza. Reli ikifunika ubao wote, jicho linaona meza ya duka, halioni mahali. Kosa la pili ni kusahau urefu wa njia panda wakati wa kuchora. La tatu ni la umeme: kichwa kidogo cha treni kinachotembea polepole kinasimama kwenye uchafu, ao kwenye njia panda yenye kipande kirefu cha plastiki katikati. Kwenye ubao mkubwa mwendo unakivusha. Kwenye ubao mdogo kinabaki palepale. Kwa hiyo kusafisha reli na magurudumu ni kazi ya kila mara.

Hata reli ya Kongo

Hesabu hiyo inafaa pia kwa treni wanazozijua wakaaji wa Lubumbashi, Kalemie na Kindu. Reli ya SNCC ina upana wa milimita 1 067. Ukiigawa mara 160, unapata milimita 6,67, karibu sawa na ile reli ya Z ya milimita 6,5. Mtu anaweza basi kutengeneza mabehewa ya Kongo kwa kipimo cha N, akayaweka juu ya reli ya Z. Kituo kimoja, ghala moja, mabehewa 8: vyote vinakaa juu ya rafu, na jioni vinarudi chini ya kitanda.