Maradhi ya usingizi: Tabibu wa kijijini afundishwa kutoka mbali

Mtu anayekoroma usiku kucha mara nyingi husemwa kuwa amelala usingizi wa pono. Kumbe mkoromo mkubwa unaokatika ghafla, kisha ukafuatiwa na kutweta, waweza kuwa dalili ya maradhi ya kukatika pumzi usingizini.

Katika maradhi haya misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, na ubongo hulazimika kumzindua mgonjwa mara kwa mara bila yeye kukumbuka. Asubuhi huamka amechoka, husinzia kazini au akiendesha gari, na shinikizo lake la damu huenda likapanda. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine yanasema watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana maradhi hayo.

Wengi wao hawajatambuliwa. Mabingwa wa usingizi ni wachache, nao hukaa miji mikubwa. Mgonjwa huanzia kwa tabibu au muuguzi wa karibu, ambaye chuoni alifundishwa machache tu kuhusu usingizi.

Kusafirisha ujuzi

Njia moja ya kuliziba pengo hilo ilianza Marekani mwaka 2003, kwa maradhi mengine kabisa. Dakta Sanjeev Arora, bingwa wa ini katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisubiri miezi minane kumwona. Akaanzisha mradi uitwao ECHO.

Mabingwa hukutana kwa video na matabibu wa mbali kwa ratiba maalumu. Hutolewa somo fupi, kisha matabibu hueleza hali za wagonjwa wao bila kuwataja majina, na wote hujadili tiba. Mgonjwa hubaki kwao, na tabibu wake ndiye anayeendelea kumtibu.

Matokeo yalipimwa. Katika utafiti wa wagonjwa 407 uliochapishwa mwaka 2011, waliopona chini ya mradi huo walikuwa asilimia 58.2, na katika kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5.

Baadaye idara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani iliuchukua mfumo huo. Wataalamu wake wa Seattle wakautumia kuwafundisha watoa huduma wa vijijini maradhi ya usingizi, na mwaka 2017 wakachapisha maelezo ya programu yao.

Maswali kabla ya mashine

Usingizi unafaa kufundishwa hivyo kwa sababu hatua ya kwanza haihitaji mitambo. Dodoso lililotungwa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 lina maswali manane tu, yakiwemo mkoromo, uchovu wa mchana, shinikizo la damu na unene wa shingo.

Makosa pia huzuilika. Mwenye kukatika pumzi akipewa dawa za usingizi, baadhi yake zaweza kumzidishia hatari. Na kwa anayekosa usingizi kwa muda mrefu, chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 tiba ya kubadili fikra na mazoea ianze kabla ya vidonge.

Mipaka

Afrika si ngeni kwa mfumo huu. Namibia iliuanza mwaka 2015 kwa huduma za Ukimwi. Kenya na Tanzania, ambako wagonjwa wengi wa vijijini huhudumiwa na matabibu na wauguzi, pengo la ujuzi ni lile lile.

Hata hivyo mafunzo pekee hayatoshi. Kuyathibitisha maradhi huhitaji kipimo cha usiku, na tiba kuu ni mashine ya kusukuma hewa puani, iliyobuniwa na Dakta Colin Sullivan wa Sydney na kutangazwa mwaka 1981. Mashine hiyo huhitaji fedha na umeme wa usiku kucha. Tabibu naye lazima apewe intaneti ya kutegemewa, na saa ya kujifunza ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi yake.