Safari ya mtafiti kijana huanzia kwenye mgomba

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayeleta ndizi mjini kutoka Cibitoke haulizi mnyauko ni nini. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukiikata ndani imeoza. Uganda iliuona ugonjwa huo mwaka 2001, Burundi mwaka 2010. Visu na machipukizi ya kubebwa vilichangia kuusambaza, na mpaka haukuuzuia.

Kwa hiyo kijana wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Burundi anayevutiwa na seli na vinasaba hana haja ya kutafuta mada mbali.

Hata mafunzo ya mkono yapo hapa hapa. Maabara za Agrobiotec na Phytolabu zimekuwa zikiotesha miche ya tishu: kiini kidogo cha chipukizi kinakatwa, kinasafishwa na kuwekwa kwenye chupa yenye sukari na madini hadi kizae miche mingi. Ni kazi ya kuchosha, na ukungu ukiingia chupa inatupwa. Lakini asiyeijua hafiki mbali katika uhandisi wa vinasaba, maana seli iliyobadilishwa haina faida mpaka ioteshwe iwe mgomba mzima.

Hatua inayofuata mara nyingi ni Nairobi, ambako aliyesomeshwa kwa Kifaransa hujifunza sayansi na Kiingereza kwa mpigo. Huko, katika maabara ya taasisi ya IITA, Leena Tripathi na wenzake walishughulikia Gonja Manjaya, aina ya ndizi za kupika. Gonja hubeba ndani ya vinasaba vyake virusi vya michirizi vilivyolala. Ukame ukiubana mgomba, vinaamka. Watafiti walivikata kwa CRISPR, mkasi wa vinasaba uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Katika matokeo ya 2019, robo tatu ya migomba iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipobanwa maji.

Hiyo ilikuwa ndani ya banda la majaribio, si shambani. Kenya ilitoa miongozo ya mazao yaliyohaririwa mwaka 2022, lakini ruhusa ya nchi moja haivushi mche kwenda nyingine.

Kwa sasa anayepita Gatumba na miche anahitaji cheti cha afya ya mimea. Hata mche wa tishu, uliotoka safi kwenye chupa, ukipandwa kando ya mgomba mgonjwa huambukizwa kama mwingine wowote.